Shikamana, Dawa ya Mgongo wa Punda

Jumatatu, 11 Septemba 1989

Muhula wa tatu umefunguliwa. Sanduku la msaada limefika kutoka ng'ambo. Mwalimu mkuu alitarajia vitabu vya hadithi. Akapata majarida ya sayansi, kilo arobaini. Ameniambia niyapeleke maabara niyafanyie nitakalo. Mimi ni msaidizi wa maabara tangu 1981 na hilo ndilo agizo la kwanza la maana kupewa.

Nimesoma hadi kengele ya mwisho. Ajabu! Kumbe seli za mwili haziishi zikielea ovyo. Zinashika. Kuna kamnyororo ka asidi amino tatu ndani ya protini za mwili, na seli zinajua kukashika. Kipande kifupi cha namna hiyo kinaitwa peptidi. Wataalamu wamekipaka kwenye visahani, seli zikaja, zikashika, zikatulia. Zikikosa pa kushika, nyingi hufa. Ni kama kupe na ng'ombe, ila kupe hawa wana faida. Jarida linasema huenda siku moja vidonda vikatibiwa kwa njia hii. "Huenda" na "siku moja" nimeyakata kwa penseli.

Ukurasa wa 44 una maonyo. Sikuumaliza. Maandishi ni madogo sana.

Nyumbani: Kavinya, punda wetu, ana kidonda mgongoni, upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Kamba za mitungi zimemla. Syokau, mke wangu, amempunguzia mzigo. Punda anabeba mitungi mitatu, Syokau mmoja, kwa mukwa, ile kamba ya ngozi inayopita kwenye paji la uso. Mtoni ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Amesema Kavinya akianguka kabla ya mvua, nyumba hii imekwisha. Nimemwambia atulie, nina peptidi. Ameuliza kama hiyo inaweza kubeba mtungi.

Jumanne, 12 Septemba

Nimempata Nzuki kwangu nikitoka kazini. Anamwosha Kavinya kidonda kwa maji ya vuguvugu na chumvi! Nzuki aliogesha ng'ombe joshoni miaka ishirini, akastaafu, na sasa anatibu mifugo ya kijiji chetu kizima cha Kabati bila kuitwa. Maji ya chumvi, halafu anasema punda apumzishwe. Kila punda, kila mwaka, maneno ni yale yale. Na hatozi kitu. Mtu anayetibu bure anatuharibia sisi tulio na elimu.

Nilimweleza habari za asidi amino tatu. Alisikiliza vizuri, akauliza kama zinapatikana kwenye chumvi. Syokau alicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Alipoondoka nilimwambia Syokau kupumzisha punda si dawa, ni uvivu wa punda kuandikiwa ruhusa. Akauliza sasa nani abebe maji punda akipumzika. Nikasema ndiyo maana nafanya utafiti.

Jumatano, 13 Septemba

Jarida linasema mnyororo wenyewe umo hata kwenye jelatini. Jelatini ni nini? Ni ngozi na kwato zilizochemshwa! Nani ana kwato Kabati? Abdulatif wa buchari. Ana shimo limejaa nyuma ya duka.

Abdulatif aliuliza nazitakia nini. Nikasema tiba ya kisasa. Akasema nichukue zote, na nikirudi nichukue na mikia. Ni mtu muungwana.

Nilichemsha kwato katika maabara kuanzia saa nne. Kufikia saa sita harufu ilikuwa imefika ofisini. Mwalimu mkuu alituma mtu kuuliza. Nikajibu ni mazoezi ya vitendo ya kidato cha tatu. Kidato cha tatu wakasikia, wakaja na vijiko. Mpishi wa shule alikuja pia, akaonja kabla sijamzuia, akasema imepungukiwa na kitunguu.

Nimepata makopo manne ya uji mzito wa rangi ya chai. Nimeipa dawa jina: SHIKAMANA. Jina la nguvu. Nimechora kibandiko chenye seli inayotabasamu.

Ijumaa, 15 Septemba

Jaribio la kwanza. Nimempaka Kavinya tabaka nene, nikaweka gunia juu ili nzi wasikae, nikamruhusu aende mtoni na mama yake. Nasema mama yake kwa maana ya Syokau.

Walirudi saa nane. Gunia halikutoka. Tulivuta. Kavinya alipiga teke la nyuma, akavunja kiti changu cha kukunja. Syokau alikata gunia kwa wembe, uzi baada ya uzi, huku akimbembeleza punda kwa Kikamba na mimi haniambii neno lolote. Manyoya yalitoka na gunia. Kidonda sasa ni upana wa kikombe.

Nimeandika kwenye daftari la utafiti: "Kushikamana kumethibitishwa."

Jumapili, 17 Septemba

Kanisani. Baada ya ibada, Muthoki alisimama kutoa tangazo. Yeye ndiye mwenyekiti wa mwethya wa akina mama wa upande wetu. Leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule, na hata punda wao huchangiwa, maji ya wote yanachotwa kwa zamu. Syokau ni mwanachama. Muthoki alisema tarehe saba Oktoba daktari wa mifugo atakuja kutoka mjini Kitui kuangalia migongo ya punda. Anaitwa Daktari Kalunde. Ni mwanamke. Anaandika ripoti.

Ripoti! Ripoti ina majina. Jina langu likiingia kwenye ripoti, hakuna mtu atakayeniita tena "yule wa kuosha chupa".

Nilisimama nikatangaza kwamba daktari atakuta dawa mpya imeshagunduliwa hapa hapa. Watu walipiga makofi, wengine walisema Amina. Nzuki naye alisimama polepole, kofia mkononi, akauliza ushahidi uko wapi, maana amesikia habari za gunia. Kanisa lilicheka, hata mchungaji.

Haya. Ushahidi anautaka, ushahidi ataupata.

Jumanne, 19 Septemba

Jarida ni wazi juu ya ushahidi. Unagawa wagonjwa makundi mawili bila upendeleo. Kundi moja linapata dawa, lingine halipati. Halafu unapima.

Nilikuta mwethya ukichimba matuta kwa mama mmoja karibu na barabara. Punda kumi wenye vidonda walipangwa mstari. Nilitia punje tano za mahindi na tano za maharagwe ndani ya kofia. Kila mama akachomoa moja bila kutazama. Mahindi ni dawa, kitambaa chekundu sikioni. Maharagwe ni bila dawa, kitambaa cheupe. Safi kabisa. Syokau alichomoa mahindi. Kavinya ni mwekundu. Syokau alinitazama, akauliza kama safari hii nina hakika. Nikasema mia kwa mia. Akamfunga kitambaa mwenyewe.

Wale wa maharagwe walinuna. Muthoki mwenyewe alipata maharagwe. Aliuliza mbele ya wote, "Mwalimu, sasa hii punda yangu imekosea nani?" Mimi si mwalimu lakini jina hilo silikatai. Nilieleza kwamba haijakosa kitu, ni mahitaji ya sayansi kwamba watano wanyimwe. Mama mmoja alimpapasa punda wake shingoni na kusema, "Woo, pole, mwanangu." Nilieleza tena. Sidhani walielewa, lakini walisema hawatakataa.

Jumamosi, 23 Septemba

Kipimo cha kwanza. Natumia waya kuzunguka kidonda, halafu naulaza kwenye karatasi ya mraba na kuhesabu vijisanduku. Hii njia nimeibuni mimi.

Wekundu: vidonda vimekua kidogo. Weupe: vimepungua kidogo. Mapema mno kusema chochote.

Dalili njema: wekundu wanafanya kazi sana. Nimewaona wakipanda kutoka mtoni wamesheheni mitungi minne minne, wengine na kuni juu. Akina mama wana imani na dawa yangu. Wale weupe wamesimama kivulini wakila mabua ya mahindi. Ndivyo mnyama anavyokuwa akikosa dawa, anakosa hata moyo wa kujituma.

Alhamisi, 28 Septemba

Hali ya wekundu imezidi kuwa mbaya. Weupe wanapona. Nimehesabu vijisanduku mara tatu.

Kuna hujuma. Nani anafaidika? Nzuki! Lazima anaosha weupe kwa chumvi kwa siri ili kuniaibisha mbele ya daktari. Niliomba ruhusa ya kwenda kliniki, nikaenda kujificha nyuma ya ukuta wa lile josho la zamani lililo mbele ya nyumba yake. Saa sita mchana hadi saa tisa. Jua kali. Nzuki alitengeneza redio. Alilala. Aliamka, akatengeneza redio tena. Mwishowe aliniita kwa jina kutoka barazani, akasema jua litaniumiza, nije ninywe uji.

Nilikunywa. Uji ulikuwa mzuri. Aliniuliza habari ya Kavinya. Nikasema anaendelea vizuri sana. Alisema Syokau amekonda, nimwangalie. Huyu mzee anapenda kubadilisha mada.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeongeza dozi mara mbili. Jarida halikusema niongeze, lakini halikunikataza. Wekundu wote wamepakwa asubuhi na jioni. Mbwa wa Kabati sasa wanawafuata hadi mtoni na kurudi. Punda wa mama mmoja amekataa kutembea kwa sababu ya mbwa, wakamsukuma watu wanne.

Kidonda cha Kavinya ni upana wa sahani. Jana alilala chini njiani na mitungi mgongoni. Syokau alimfungua, akabeba mitungi yote mmoja mmoja, akirudi nyuma kila mara. Alifika saa moja jioni. Hakupiga kelele. Aliweka ugali mezani, akaketi upande wa pili, akauliza, dawa hii inafanya kazi au haifanyi, nimwambie kama mume wake, si kama mwalimu.

Nikasema dawa huonekana kuwa mbaya kabla haijawa nzuri. Jambo hili sikulisoma popote. Lilinijia tu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Daktari anakuja kesho. Hesabu ziko hivi: weupe watano, wote wanapona, wawili vidonda vimefunga kabisa. Wekundu watano, wote ni aibu.

Nimefikiri tangu asubuhi. Dawa najua ni nzuri. Jarida limesema. Kwa hiyo makosa hayako kwenye dawa, yako kwenye vitambaa. Punda waliopona wangetakiwa kuwa wekundu. Mtu akirekebisha vitambaa ili vifanane na ukweli wa sayansi, hadanganyi. Anasahihisha.

Saa tisa alasiri akina mama walikuwa kwenye matuta na punda wamefungwa penye mgunga. Nilibadilisha vitambaa vyote kumi. Punda wa Muthoki aliniuma bega. Kavinya alisimama kimya, akaegemeza kichwa kifuani kwangu. Nilijisikia vibaya kwa muda. Halafu nikakumbuka ripoti.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika haya kwa sababu niliapa daftari hili litakuwa la kweli.

Daktari Kalunde alifika saa nne na gari la serikali. Mfupi, miwani, viatu vya mpira. Watu kama themanini. Nzuki mstari wa nyuma, kofia mkononi. Mimi nimefunga tai. Nilianza na historia ya seli. Nilipofika kwenye makundi mawili, daktari alisema anaona tumegawa kwa kura na kuweka alama, hajawahi kuona kijiji kikifanya hivyo. Nilimwambia kwa unyenyekevu kwamba ilikuwa kofia yangu.

Kisha nikageuka kumwonyesha punda waliopona, wenye vitambaa vyekundu.

Vilikuwa vyeupe.

Muthoki alieleza kwa fahari. Asubuhi walikuta vitambaa vimechanganywa. Walijua ni watoto tu, maana watoto wa siku hizi! Lakini kila mama anamjua punda wake, na hawakutaka Mwalimu aaibike mbele ya mgeni, kwa hiyo wamerudisha kila kitambaa pale pale kilipokuwa kimefungwa. Wote kumi. Walikuwa wakinitabasamia.

Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Daktari alizunguka punda wote bila haraka. Akaniuliza weupe walipewa nini. Nikasema hawakupewa chochote, hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Akawageukia akina mama, akawauliza wao. Muthoki akasema ukweli, na ukweli ulikuwa huu: waliwaonea huruma. "Daktari, hawa walinyimwa dawa. Sasa mtu anyimwe dawa, na bado abebe maji? Si hiyo ni dhambi?" Siku ile ile ya kura mwethya ulikaa ukaamua. Weupe wasibebe kitu mpaka daktari aje. Mizigo yao ibebwe na wekundu, kwa kuwa wekundu wana dawa ya Mwalimu na watapona tu.

Wekundu watano walikuwa wakibeba maji ya nyumba kumi. Wiki mbili na nusu!

Daktari aliandika ukurasa mzima. Halafu akauliza ni nani hapa amekuwa akiwaambia watu wapumzishe punda. Watu themanini waligeuka nyuma kumtazama Nzuki. Aliulizwa kwa muda gani. Akasema tangu akiwa joshoni. Daktari akamshika mkono kwa mikono miwili. Jina lake limeandikwa kwenye ripoti. Nililiona, kwa herufi kubwa.

Mimi alinichukua kando. Sikutegemea angekuwa mpole. Alisema kamnyororo kale ni ka kweli, na kwenye visahani vya maabara seli hukashika kweli kweli. Lakini kisahani si mgongo wa punda. Ushahidi juu ya vidonda bado ni mdogo, hata kwa wenye maabara kubwa kuliko yetu. Tena, vipande hivyo vikielea ovyo bila kushikizwa mahali, seli huvikamata hivyo na kuachia pale zilipokuwa zimeshika. Yaani dawa inaweza kufanya kinyume. Akauliza kama jarida langu halikusema. Nikasema ukurasa ule panya walikula. Halafu akasema ukilinganisha makundi mawili, kila kitu kiwe sawa isipokuwa dawa. Hapa dawa haikupimwa hata kidogo. Kilichopimwa ni mapumziko, na ushahidi wake ni mzuri ajabu, akanishukuru kwa hilo.

Nikaitikia ndiyo kwa kila neno. Nilikuwa nikimtazama Syokau. Alikuwa ameketi chini karibu na Kavinya, kanga mdomoni. Kipaji cha uso wake kina alama ya mukwa, mfereji mwekundu kutoka sikio hadi sikio. Sijui imekuwepo kwa muda gani.

Nyumbani alisema maneno machache. Wenzake walipoamua wekundu wabebe zaidi, yeye alikubali kwanza kuliko wote. Alikubali kwa sababu aliniamini. Hilo lilinichoma. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi tupu mpaka chakula kikapoa.

Uamuzi wake ni huu. Kavinya atapumzika na kuoshwa kwa chumvi na Nzuki. Syokau atapumzisha kipaji. Maji nitabeba mimi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Saa kumi na moja asubuhi, mtoni. Kushuka ni rahisi. Nilikuwa mwanaume peke yangu. Akina mama walinipisha kwenye kisima cha mchanga kwa heshima kubwa mno, heshima iliyozidi kiasi. Lita ishirini ni nzito kuliko zinavyoandikwa kwenye vitabu vya fizikia.

Baiskeli haipiti mchangani, nilijaribu. Mkononi mtungi unakata vidole. Kwa hiyo mukwa. Kidato cha pili walinikuta kwenye mteremko wakienda shule. Wakasimama pembeni, wakasema shikamoo kwa pamoja.

Nzuki alinikuta pia. Akasema nikunje kitambaa niweke chini ya kamba, isije ikanichuna. Nikasema asante, najua ninachofanya.

Jioni, safari ya pili.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nina kidonda kwenye paji la uso. Kirefu, chembamba. Ngozi imechunika.

Kuna makopo mawili ya Shikamana yamebaki maabara. Kutupa ni dhambi. Daktari alisema haijapimwa, hakusema haifai. Na kipaji changu si mgongo wa punda. Nimejipaka asubuhi kabla ya kwenda mtoni.

Mukwa ulishika. Haukutoka. Niliingia darasani saa mbili nikiwa nimeuvaa na kuwagawia kidato cha nne mirija ya majaribio. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Saa nne mpishi aliutoa kwa mvuke wa sufuria ya maharagwe.

Mbwa watatu walinifuata nyumbani. Abdulatif aliniona nikipita buchari, akasema mbwa wake ni yule wa kahawia, nikimchoka nimrudishe.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Maji hayana sikukuu. Safari tatu, kwa sababu Syokau alitaka kufua mablanketi.

Naendelea kujipaka kila siku. Kidonda changu kinazidi. Nzilani, binti yetu, yuko darasa la nne. Ameniuliza kama nitabaki na mfereji milele. Nimemwambia huu ni utafiti. Ameuliza, wa Mzee Nzuki au wangu? Mtoto huyu ana mdomo wa mama yake.

Jumapili, 29 Oktoba

Mawingu yamekuja, mvua bado. Siku kubwa sana leo!

Baada ya kanisa nilienda kumtazama Kavinya. Kidonda kimefunga! Kimebaki kidoa cha waridi na manyoya mapya yanachomoza pembeni. Amenenepa. Aliponiona alilia kwa sauti na kuja mbio.

Nilikaa juu ya jiwe nikafikiri. Kavinya hajapakwa Shikamana tangu tarehe saba. Nani amepakwa tangu hapo? Mimi. Nikajipaka mimi, akapona punda.

Nilikimbia kuchukua daftari la utafiti. Tazama! Wekundu walipakwa, wakapona weupe. Kila kijisanduku kinakubali. Hakuna hata punda mmoja anayepinga! Dawa inafanya kazi, tena kwa nguvu kuliko jarida lilivyofikiria. Ila haimponyi anayepakwa. Inamponya mwenzake. Daktari Kalunde aliona ushahidi huo huo kwa macho yake akauita mapumziko. Watu wa mjini wana haraka.

Nimeanza kumwandikia barua. Kuna tatizo moja dogo la kibiashara, yaani ni nani atanunua kopo ili apone punda wa jirani. Nitalifikiria.

Nilimweleza Syokau yote, hatua kwa hatua, na michoro. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliweka chini mchele aliokuwa akichagua, akamtazama Kavinya, kisha mitungi, kisha mimi. Aligusa kipaji chake mwenyewe. Kimepona, laini kabisa. Sikuwa nimekitia kwenye hesabu! Nikajipaka mimi, wakapona wawili!

Halafu akasema, "Baba Nzilani, kazi kama hii isikatizwe." Alisema itakuwa hatari nikiacha sasa, punda anaweza kurudiwa. Mambo lazima yabaki vile vile yalivyo, nijipake kila asubuhi, nibebe kila siku, Kavinya asiguse kamba. Nikauliza hadi lini, hadi mvua? Akasema mvua ni mapema mno kwa ushahidi wa kweli. Labda hadi Nzilani amalize darasa la nane. Ameahidi kuandika vipimo yeye mwenyewe.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza mke wangu kuunga mkono sayansi. Nilishikwa na furaha nikashindwa kula.

Kesho naamka saa kumi. Alipita sokoni jioni, akanunua mtungi mwingine kwa ajili ya utafiti.